Walimu Wanafunzi katika Shule za Miji ya Kitale na Bungoma: Sura Moja ya Historia ya Ufundishaji wa Kiswahili

Historia ya elimu nchini Kenya imeandikwa zaidi kwa kufuata ripoti za tume na sheria za bunge, na kwa nadra sana kwa kufuata yale yaliyotendeka darasani. Sababu yake ni wazi: ripoti hupigwa chapa ikahifadhiwa maktabani, ilhali somo la dakika thelathini hufutwa pamoja na ubao. Hata hivyo, zipo wiki chache katika maisha ya kila mwalimu ambamo mambo haya mawili hukutana, nazo ni zile za mazoezi ya kufundisha, mwanachuo anapotolewa chuoni akapelekwa shuleni kufundisha watoto wa darasa la mwenziwe, huku mkaguzi amekaa nyuma na karatasi yake ya maksi. Katika makala haya tunakusudia kuyatazama mazoezi hayo katika shule za umma za miji miwili ya magharibi ya Kenya, Kitale na Bungoma, na hasa kwa mintarafu ya somo la Kiswahili. Dai letu ni kwamba Kiswahili kilichomsubiri mwalimu mwanafunzi Kitale hakikuwa kile kilichomsubiri Bungoma. Kwamba tofauti hiyo ina historia ijulikanayo. Na kwamba vyuo viliwaandaa vijana kana kwamba miji yote miwili ni darasa moja.

Miji hii ni majirani, kila mmoja upande wake wa miteremko ya Mlima Elgon, na wote wawili ulikuzwa na reli. Lakini reli yenyewe haikuwafanyia watu wake jambo moja. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, ikaishia hapo. Ilijengwa kwa ajili ya mashamba makubwa ya walowezi wa Kizungu, ambao idadi yao katika Trans Nzoia iliongezeka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mashamba hayo yalihitaji vibarua. Walikuja Wabukusu, Wakalenjin, Waturkana, Wajaluo, Wakikuyu na wengineo, kila mtu na lugha yake, wakawekwa katika kambi moja chini ya nyapara mmoja. Bungoma, kwa upande wake, ulikuwa stesheni tu katika njia kuu iendayo Uganda, ile iliyofika Kampala mwaka 1931. Gari la moshi lilipita. Waliobaki ni wenyeji, Wabukusu kwa wingi wao, pamoja na Wahindi wa maduka na makarani wachache, na hata mji ulipofanywa makao ya wilaya mpya ya Elgon Nyanza katika miaka ya 1950, mtu aliweza kununua, kushitaki, kuoa na kuzika bila ya kutoka katika Kibukusu.

Haina maana kwamba Kiswahili kilikuwa kigeni Bungoma. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kupiga kambi kwa Mumia, kusini mwa Bungoma, kabla Joseph Thomson hajapita huko mwaka 1883, na kizazi cha Waislamu wasemao Kiswahili kipo Mumias hadi leo. Lakini lugha huhitaji haja. Katika Kitale haja ilikuwepo tangu asubuhi hadi jioni: kibarua wa Kiturkana hakuwa na lugha nyingine ya kumjibia nyapara wa Kibukusu, wala mama wa Kikuyu ya kumwuzia mboga jirani wa Kisabaoti. Katika Bungoma Kiswahili kilibaki lugha ya baraza la chifu, ya polisi na ya stesheni. Mtoto alikisikia akipita njiani, hakukitumia chezoni.

Na kile kilichosemwa Kitale, je, kilikuwa Kiswahili gani? Mlowezi alijifunza maneno ya kuamrisha, akayatumia bila ngeli wala viambishi vya nafsi, na watumishi wake wakamjibu kwa namna atakayoelewa. Hiki ndicho kilichokuja kuitwa Kisetla. Wapo wataalamu wanaokitaja kwa dhihaka tu, lakini tukumbuke kwamba watoto wa vibarua hawakukisikia Kisetla pekee. Walisikia pia Kiswahili cha madereva, cha askari waliorudi vitani, cha wauza duka, wakajitengenezea chao: lugha nyepesi, yenye msamiati mpana wa kazi na mji, ambayo ndani yake iko imechukua kazi ya nina, kuna na ni, na ngeli zimepungua hadi mbili tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya kwanza ya mchezo kwa mtoto wa mjini Kitale. Kwa baadhi yao ilikuwa lugha ya kwanza kabisa.

Sasa tuwatazame walimu. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita mafunzo ya ualimu katika eneo hili yalikuwa mikononi mwa misheni. Marafiki, yaani Quakers, waliofika Kaimosi mwaka 1902, walifundisha walimu wao kandokando ya kanisa na zahanati, na Wakatoliki nao wakafanya hivyo katika misheni zao. Mwanafunzi wa ualimu alifanyia mazoezi katika shule ya misheni iliyokuwa uani mwa chuo, mbele ya watoto waliokwisha kuzoea kufundishwa na wanagenzi. Mji haukuwa mahali pa mazoezi. Lugha nayo ilikuwa tatizo la namna nyingine: Marafiki walikuwa wametafsiri Maandiko kwa Kimaragoli, hata mtoto wa Kibukusu aliyesoma kwao huenda alianza kusoma kwa lugha ya jirani na kuambiwa kuwa ndiyo yake. Katika miaka ya 1940 Kamati ya Lugha ya Kiluhya, ambamo Bi. Appleby wa CMS alifanya kazi kubwa, ilijaribu kuunda maandishi ya pamoja kwa lahaja zote, lakini Wabukusu hawakuyapokea kwa moyo mkunjufu. Kwa hiyo tunaposoma katika ripoti za baadaye kwamba mtoto wa kijijini afundishwe kwa lugha ya mama, yatupasa kuuliza ni mama yupi aliyekusudiwa.

Kiswahili sanifu kilikuwa kimekwisha kupata msingi wake wakati huo: mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Lakini nchini Kenya bahati yake haikudumu. Kikundi cha Binns kilichozuru Afrika Mashariki na ya Kati katika miaka ya 1951 na 1952 kilishauri Kiswahili kiondolewe shuleni isipokuwa pale kilipo lugha ya wenyeji, na Tume ya Kifalme ya 1953 hadi 1955 ikaona kwamba kuwafundisha Kiswahili watoto walioanza kwa lugha nyingine ni kupoteza nguvu bure. Mwaka 1957 yakaanza Nairobi majaribio ya kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ambayo yalizaa ule Mtindo Mpya wa Shule za Msingi ulioenea upesi katika miaka ya 1960. Vyuo vya ualimu vikageukia huko. Mwanachuo alifunzwa kuchora picha, kugawa watoto katika vikundi na kuwaimbisha kwa Kiingereza. Kiswahili hakikufukuzwa chuoni; kilisahauliwa tu, jambo ambalo pengine ni baya zaidi, kwa maana kinachofukuzwa hupata wa kukitetea.

Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilijaribu kuweka mizani. Ilikubali Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, lakini ikapendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi, kwa ajili ya umoja wa taifa. Pendekezo hili lilikosa meno. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ulioitwa CPE tangu 1966, ulikuwa na karatasi tatu: Kiingereza, Hesabu na ile ya maarifa ya jumla. Kiswahili hakikuwamo. Mwalimu mkuu wa mjini, aliyejua kuwa wazazi humpima kwa idadi ya watoto waliopata nafasi ya sekondari, hakuwa na sababu ya kumweka mwalimu wake bora katika somo lisilotahiniwa. Somo hilo lilimfaa nani basi? Lilimfaa mwalimu mwanafunzi, ambaye angekuja kwa wiki chache na kwenda zake. Kwa njia hii, ambayo haikuandikwa katika waraka wowote, sehemu kubwa ya ufundishaji wa Kiswahili ikawaangukia wale wasiokuwa bado walimu.

Mambo mawili zaidi yaliongeza uzito huo. Kwanza, kuanzia mwaka 1970 serikali kuu ilichukua elimu ya msingi kutoka kwa mabaraza ya wilaya, isipokuwa katika manispaa chache, na Kitale ulikuwa mmoja wa hizo. Shule za Bungoma zikawa chini ya wizara na ofisi yake ya wilaya, na za mji wa Kitale zikabaki chini ya baraza la mji. Hata barua ya kumpeleka mwanachuo shuleni ilikwenda kwa mlango tofauti. Pili, amri ya kufuta karo katika madarasa manne ya kwanza, iliyotangazwa Desemba 1973, iliongeza wanafunzi wa shule za msingi nchini kutoka kiasi cha milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.7 katika mwaka mmoja. Walimu hawakuweza kuzaliwa kwa kasi hiyo. Wasiosomea ualimu wakaajiriwa kwa maelfu, na mwalimu mwanafunzi, ambaye kwa kanuni alitakiwa kufundisha vipindi vichache chini ya uangalizi, akajikuta ameachiwa darasa zima na ufunguo wa kabati.

Hapa mwandishi aombe ruhusa ya kusimulia alichokiona mwenyewe. Mwaka 1984, mfumo wa 8-4-4 ukiwa mlangoni, nilitumwa kukagua wanachuo wa chuo kimoja katika miji hii miwili, wiki moja Kitale na inayofuata Bungoma. Vijana wawili walikuwa wamenakiliana andalio la somo, jambo la kawaida miongoni mwa wanachuo, nami nikalisikia somo lile lile mara mbili. Sentensi ya ubaoni ilikuwa: Kiti hiki kina miguu minne.

Katika Kitale kijana alianza kwa kuwaomba watoto watunge sentensi juu ya kiti. Mikono ikapanda kama mahindi. Wa kwanza akasema, "Hii kiti iko na miguu nne." Kijana akatikisa kichwa, akamwita wa pili. Wa pili akasema kiti yake imevunjika. Akatikisa kichwa tena. Wa tatu, wa nne, wa tano, wote walisema Kiswahili chepesi, chenye maana, na wote wakakaa wakiwa wamekosea. Baada ya dakika kumi hakukuwa na mkono juu. Ndipo kijana akaandika sentensi yake, nao wakaisoma kwa pamoja, mara tatu, kwa sauti ya watu wanaosoma ukuta. Nami katika karatasi yangu niliandika kwamba mwalimu anasahihisha makosa kwa uangalifu, nikampa maksi nzuri. Sikuandika kwamba watoto waliingia darasani wakisema wakatoka wamenyamaza.

Katika Bungoma mambo yalikwenda kinyume. Alipoomba sentensi, mwenziwe hakupata kitu, kwa kuwa watoto hawakuwa na Kiswahili cha kutungia. Lakini alipoandika sentensi na kuwaonyesha kiti kimoja, kisha viwili, kitabu kimoja, kisha vitabu, darasa lilishika upatanisho upesi ajabu. Kiti hiki, viti hivi. Kitabu hiki, vitabu hivi. Haikuwa ajabu kwa anayekijua Kibukusu. Mtoto asemaye nyumbani sitabu na bitabu, na ambaye kila kivumishi chake hufuata jina, anayo ngeli kamili kichwani kabla ya kuingia shuleni. Akibadili si kuwa ki na bi kuwa vi, kazi imekwisha. Kilichomshinda ni kingine. Darasa zima lilisoma kwamba kiti kina mikuu minne, na mwalimu hakusikia kosa, kwa maana naye alikuwa Mbukusu na masikio yake yalikuwa kama yao.

Jambo hili lastahili maelezo, kwa kuwa halikuwahi kufundishwa vyuoni kwa kadiri nijuavyo. Katika Kibukusu vipasuo b, d na g havisimami peke yake; hutokea baada ya nazali tu, kama katika mb, nd na ng. Penginepo pote ni p, t na k. Kwa hiyo mbuzi hamshindi mtoto, lakini gari huwa kari, damu huwa tamu, na doa huwa toa. Baba huwa papa, na kwake papa ndiyo baba hasa. Zaidi ya hayo, maandishi ya Kibukusu yanatumia herufi b kwa sauti laini itolewayo kwa midomo isiyofungika sawasawa, ambayo Kiswahili sanifu hakina. Basi mtoto aliyefunzwa kusoma kwanza kwa Kibukusu ana b mbili za kupotea nazo: akiandika alichosikia huandika p, na akisoma alichoona hutoa ile sauti laini. Mwalimu anayejua hili hulimaliza kwa jozi chache za maneno na wiki mbili za subira. Asiyejua huandika kwamba mtoto ana ulimi mzito.

Tazama sasa jinsi kazi hizi mbili zilivyopingana. Mtoto wa Bungoma alikuwa na sarufi bila ya ufasaha. Wa Kitale alikuwa na ufasaha, sarufi yake ikiwa ya namna nyingine. Wa kwanza alihitaji kusemeshwa sana, na masikio yake kuzoezwa. Wa pili alihitaji kuruhusiwa kusema, kisha kuonyeshwa kwamba kuna Kiswahili cha pili cha vitabuni na cha barua, asivuliwe kile cha kwanza. Lakini muhtasari wa chuo ulikuwa mmoja, karatasi ya ukaguzi ilikuwa moja, na safu zake ziliuliza juu ya sauti ya mwalimu, mwandiko wake ubaoni, vifaa vyake na nidhamu ya darasa. Hapakuwa na safu iliyouliza watoto wanasema nini. Wapo watakaojibu kwamba hata Kitale walikuwamo watoto wa Kibukusu, na kwamba hata Bungoma walikuwamo watoto wa makarani waliokulia mijini. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuwafunza walimu kusikiliza badala ya kuwapa orodha ya makosa.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikuwa imekaribia jambo hili. Ilipendekeza kwamba katika madarasa matatu ya kwanza ifundishiwe lugha ya eneo shule ilipo, na kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima na la kutahiniwa. Kwa Bungoma lugha ya eneo ilikuwa dhahiri. Kwa mji wa Kitale haikuwa nyingine ila Kiswahili. Lakini hakuna aliyesema kama ni kile cha eneo au ni kile cha Unguja. Mwanachuo aliyepangiwa shule ya mji bila kuulizwa anatoka wapi aliweza kutua Bungoma bila neno moja la Kibukusu akaambiwa afundishe darasa la kwanza, ilhali Mbukusu mwenziwe yuko Kitale akifundisha Waturkana.

Mageuzi makubwa yalikuja na 8-4-4, iliyoanza Januari 1985 kufuatia Ripoti ya Mackay ya 1981. Kiswahili kiliingia katika mtihani wa KCPE mwaka ule ule, na katika KCSE tangu mtihani wa kwanza wa 1989. Heshima yake ilipanda kwa siku moja. Lakini kwa mwalimu mwanafunzi matokeo yalikuwa ya kushangaza: somo alilokuwa ametupiwa sasa lilinyang'anywa. Niliwaona walimu wakuu waliokataa kabisa mwanachuo aguse Kiswahili cha darasa la saba na la nane, wakampa madarasa ya chini, na wengine wakampa michezo na sanaa. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa Eldoret mwaka 1984, na vyuo vikuu vilivyofuata vilileta wanachuo wa shahada katika shule za sekondari za miji hii, wengi wao wakiwa na elimu nzuri ya isimu. Ila hao walimkuta mtoto akiwa na miaka kumi na minne na zaidi, mikuu yake imekwisha kukomaa.

Tangu hapo mengi yamebadilika. Elimu bila karo ya mwaka 2003 ilirudisha msongamano wa 1974. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, licha ya kuwa lugha ya taifa. Kibabii, mahali palipojulikana kwa misheni na chuo cha ualimu, pana chuo kikuu kamili tangu 2015, hata kijana wa Bungoma aweza kusomea ualimu na kufanya mazoezi bila kupanda basi. Mtaala mpya ulianza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019, na mwaka 2021 vyuo vya walimu wa msingi vikaanza kupokea wanafunzi wa stashahada badala ya cheti cha P1. Lugha za wenyeji zina nafasi katika mtaala huo. Ikiwa mwalimu mwanafunzi anafunzwa kulinganisha sauti na ngeli za lugha hizo na za Kiswahili kabla ya kupewa chaki, basi kazi imeanza; ikiwa anapewa tu kitabu kipya cha mwongozo, tumebadili jalada.

Mtafiti atakayependa kuendelea na suala hili atapata shida ya ushahidi. Karatasi za ukaguzi hazikuhifadhiwa, na madaftari ya maandalio yaliishia kufungia njugu sokoni. Ninayo kumbukumbu ya mawili tu, yale ya mwaka 1984, kwa sababu niliyasoma yote usiku mmoja wakati wa kulinganisha maksi. Kila andalio lilikuwa na safu ya mwisho, ambamo mwanachuo hujaza maoni yake baada ya somo. Yule wa Bungoma alikuwa ameandika: Wanafunzi walishiriki vizuri. Yule wa Kitale, kwa somo lile lile, alikuwa ameandika: Wanafunzi hawajui Kiswahili.